Kompyuta Iliyofungwa kwa Mbeleko

Jumatatu nilikwenda stationari moja hapa Same kutoa kopi ya kadi ya kliniki ya mwanangu, mwenyewe nimembeba mgongoni kwa mbeleko. Mbele yangu alikuwa mwalimu wa kike kutoka Myamba, kule milimani, amekumbatia kompyuta mpya ya shule yao. Yeye ndiye aliyetumwa kuinunua, na sasa wenzake walikuwa wanamcheka kwamba ameuziwa boksi tupu. Kila walipojaribu kuiwekea Windows, iliandika kwamba haioni diski.

"Ilipandaje mlimani, mwalimu?" fundi wa kompyuta wa pale dukani aliuliza.

"Juu ya basi, katikati ya magunia ya mchele."

Fundi hakucheka. Alifungua ubavu wa kompyuta, akachungulia, akashika waya mmoja uliokuwa unaning'inia. "Diski ipo. Waya wake tu umechomoka kwa mitikisiko."

Akauchomeka, akawasha. Diski ikajitokeza kwenye skrini. Hapo akamsogezea mwalimu kibodi. "Bonyeza wewe. Ukifika uwaambie Windows umeiweka mwenyewe."

Alibonyeza kwa kidole kimoja, amebana pumzi. Ilipokubali, wanawake wote kwenye foleni tulipiga vigelegele. Akapiga simu palepale. "Mkuu, shikamoo. Lile boksi tupu limeona diski yake."

Sasa irudi vipi bila kutikiswa? Nilifungua mbeleko yangu, tukaifunga kompyuta kifuani kwa mwalimu kama mtoto. Wangu nilirudi naye mikononi. Yeye hana waya wa kuchomoka, ila alilia njia nzima akidai mbeleko yake.