Chupa Isiyo na Jina

Nakumbuka adhuhuri moja, mwanangu, ambayo hata leo ikinijia siwezi kukaa. Ndiyo maana unaniona nazunguka jikoni hivi huku wewe ukipiga pasi koti lako jeupe. Kesho unaanza kazi kwenye duka la dawa kule Embu, nami sitalala kabla sijakueleza.

Nilikuwa na umri wako, nimeajiriwa na Mama Kendi, mwenye duka la dawa karibu na soko la Gakoromone. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, na nilijivunia wepesi huo. Miaka ile dawa ya kikohozi ilikuja kwa jerikeni, tukaimimina kwenye chupa ndogo na kubandika karatasi. Dawa zenye masharti makali zilikaa kwenye kabati la chuma, ufunguo shingoni mwa Mama Kendi. Nikaamini kwamba dawa ya hatari ni ile iliyo kabatini, basi. Wazee husema nyumba njema si mlango, lakini mimi ningeambiwa na nani?

Akaja Kirimi, mkulima aliyekuwa amemzika mama yake juzi tu. Akatoa chupa mfukoni, karatasi yake imebanduka kwa unyevu.

"Hii Mum hata hakuifungua," akasema. "Ile ingine ilimsaidia sana. Sisi hatuwezi mwaga dawa, ni dhambi. Mpee mgonjwa mwingine."

Niliguswa. Nikampa pole, nikaiweka kaunta kando ya chupa za kikohozi ambazo sikuwa nimezibandika karatasi. Foleni ilikuwa ndefu, nikaendelea kuhudumia. Mama Kendi aliporudi kutoka kula, nikamsimulia wema wa Kirimi.

Akasimama palepale mlangoni. "Mama yake aliugua nini?"

"Kansa."

"Hiyo ni mofini, ya maumivu makali; mtoto akinywa haamki. Iko wapi?"

Alizifungua chupa zilizobaki moja moja, akanusa. Zote zilikuwa za kikohozi. Mwanangu, ni chupa moja tu isiyo na karatasi iliyokuwa imetoka kaunta tangu Kirimi aondoke. Hiyo nilikuwa nimempa Mama Mwenda, muuza ndizi, kwa ajili ya mwanawe wa miaka miwili.

Nilikimbia. Niliruka viazi, nikagonga mikungu, nikauliza huku nikaelekezwa kule, nikatukanwa na watu ambao hadi leo sijawaomba radhi. Nilimkuta mtoto amelala chali juu ya gunia, hatikisiki. Nikapiga magoti, nikaweka sikio kifuani pake. Akakohoa, akanipiga teke la shavu.

"Wewe! Unaamsha mtoto na nimehangaika kumlaza?" Mama Mwenda akafoka. Chupa ilikuwa kikapuni, haijapungua hata tone. "Sijampatia. Haina jina. Mimi nikiuza ndizi najua imetoka shamba ya nani, na wewe unanipea dawa haina jina? Nilikuwa nimalize kuuza nikuje nikuulize."

Nililia mbele ya soko zima, sikuona haya.

Njiani nikirudi nilitunga uongo wa kuficha kwamba niliitoa kwa mtoto, maana niliogopa kufukuzwa. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, nikamwambia Mama Kendi yote. Aliifungia ile chupa kabatini, akaiandika kitabuni, kisha akanitazama. "Ungemuuliza Kirimi maneno mawili tu: hii ni nini, na ilikuwa ya nini. Yule wa ndizi amekushinda kazi."

Basi, mwanangu, dawa ya kulevya au ya kuua maumivu haina pembe. Huja na rangi ya sharubati, huletwa na mtu mwema mwenye machozi. Soma jina lake kabla hujaigusa. Isiyo na jina usiiweke kaunta hata kwa dakika moja, na ya marehemu mpelekee mfamasia mkononi, aifungie na kuiandika mpaka iharibiwe kwa utaratibu. Ukikosea, sema mapema, mtoto angali amelala tu. Na foleni ikikusukuma, iache inung'unike. Kuuliza si ujinga.

Yule mtoto, Mwenda, sasa ni baba wa watoto watatu. Tukikutana sokoni hunisalimia haraka aende zake, wala hajui kwa nini siuachilii mkono wake.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho linalosoma na ulimi usioona haya kuuliza, na mkono wa mtoto wa mtu usikutie hofu maishani kama unavyonitia mimi.