Kahawa Niliyotafuna Nyakatuntu Nikiwa Tarishi

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1978, nilikabidhiwa baiskeli, mkoba wa turubai na daftari la kusainisha barua. Mkuu wa masjala, chumba kinachotunza majalada yote ya ofisi, alikuwa mzee wa pwani aliyependa maneno kuliko chai.

"Unajua maana ya tarishi?" aliniuliza. "Neno la Kiarabu hilo, la Waomani. Msafiri aliyetumwa. Wewe ni miguu ya ofisi. Yaliyomo kwenye bahasha hayakuhusu."

Nilipomsimulia baba alicheka. Kwetu Wanyambo mtu wa namna hiyo ni *entumwa*, na ujumbe huubeba kinywani. "Utatumwaje usichokijua?" aliniuliza. Nikamwona mzee wa kizamani.

Mwaka uliofuata, vita na Uganda vikiendelea, ofisa tawala alinipa bahasha ya kaki nimpelekee mjane mmoja wa Nyakatuntu, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa jeshini. Siku hizo Kyerwa yote, Nyakatuntu ikiwemo, ilikuwa ndani ya wilaya yetu ya Karagwe, nami niliendesha baiskeli tangu alfajiri. "Aipokee mwenyewe, aweke dole gumba," alisema, basi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti upumzike."

Akaniletea kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko. Njaa ilikuwa inaniuma. Nikatafuna, nikamsifia migomba yake, tukacheka. Kisha akaweka dole gumba daftarini, akaichana bahasha na kunipa karatasi iliyokuwamo.

"Mimi sikusoma. Nisomee wewe."

Mstari wa kwanza niliusoma kwa sauti. Wa pili ulinishinda. Mwanawe alikuwa amefariki.

Niliganda, buni bado ziko mdomoni. Kwetu aliyebeba msiba haketi wala hatii kitu kinywani mpaka autamke, na mimi nilikuwa nimekula na kucheka. Mama alikitazama kikapu, kisha akanitazama mimi.

"Umetafuna kahawa yangu, na mwanangu umemweka mkobani?"

Swali hilo sijalisahau hadi leo.

Niliporudi nilimwuliza ofisa tawala kama alijua.

"Nilijua. Ningekuambia, ungekwenda?"

Nilishtuka upya. Ningekwenda, tena mbio, ila ningesimama! Tangu hapo sikuketi nyumbani kwa mtu nikiwa na barua. Mabira, Nyakahanga, kote nilisimama mlangoni mpaka isomwe, na watu wakanena kwamba nina maringo. Wakubwa walibadilika, cheo cha tarishi kikageuzwa kuwa mhudumu wa ofisi, mimi nikasimama vilevile.

Miaka ya tisini nilistaafu mapema. Nilirudisha mkoba masjala, kisha nikaenda Nyakatuntu. Mama alikuwa haoni tena, lakini sauti yangu aliitambua mara moja. Nilibaki mlangoni.

"Umebeba nini leo?"

"Sina kitu, mama. Nimekuja mwenyewe."

Alipapasa ukutani taratibu mpaka akakipata kikapu.

"Basi keti, utafune."