Kaseti ya Jazi Zizini

Juzi sokoni Bunia, mama mmoja alisitasita kununua flashi yenye nyimbo za jazi za mapenzi, zile za polepole. Muuzaji alipoijaribu na saksofoni ikaanza, nilisikia harufu ya samadi na maziwa ya moto.

Nilipokuwa mtoto, Baba alirudi na kaseti ya namna hiyo kutoka Aru. Mama hakuipenda.

"Muziki gani huu, hata kucheza hauchezeki? Kesho unairudisha."

Wiki hiyo ndama wetu alikufa, na mama yake akakataa kukamuliwa. Leo naijua saksofoni. Wakati ule nilidhani ni ndama analia ndani ya redio. Alasiri nikaibeba redio, kaseti ikicheza, hadi zizini.

"Weye mutoto, unaipeleka wapi?"

"Mama, mutoto ya ng'ombe iko mule ndani."

Mama alicheka. Lakini ng'ombe aligeuza masikio, akatulia. Mama akachuchumaa, akajaribu kukamua taratibu, na maziwa yakagonga ndoo mpaka povu likapanda.

Baba alisimama pale, mikono kiunoni. "Sasa kaseti niirudishe?"

"Irudishe," Mama alijibu bila kugeuka, "halafu kesho utakamua weye."

Yule mama sokoni alikuwa bado anasita. Nikamwambia anunue.