Makopo Mawili ya Msiro

Nimeapa kupunguza mwili kwa kunyanyua vyuma, na sitaacha hata baada ya yaliyonikuta Jumamosi. Chuma changu ni bomba lenye makopo ya saruji huku na huku. Mume wangu alinishauri ninywe unga wa protini ya maziwa ili nishibe upesi, nikauagiza Mtwara. Lakini mama mkwe anaamini unga huo unawaotesha wanawake ndevu. Basi nikauficha ndani ya kopo tupu la msiro, nikaliweka kando ya kopo la msiro wenyewe, ule unga mweupe wa mti ambao sisi wanawake wa Palma tunajipaka usoni.

Asubuhi ya harusi ya wifi yangu nilikoroga vijiko viwili, nikanywa. Ulikuwa mchungu, una chengachenga kama mchanga. Nikasema moyoni mwili haupungui kwa raha, nikamaliza mpaka tone la mwisho. Kisha nikabeba kopo la pili, nikauchanganya unga wake na maji ya waridi, nikampaka bibi harusi.

Ulipoanza kukauka, nzi wakaja. Wanawake wakapepea kanga, nzi wakazidi. Wifi akalamba mdomo, akalamba tena.

"Wifi, msiro wako una sukari."

Mama mkwe akachovya kidole kwenye kopo, akaonja, akanitazama.

"Mkwe, haya ni maziwa. Msiro uko wapi?"

Nilifungua mdomo nijibu, tumbo likanitangulia. Likanguruma, na wote wakasikia.