Pini za Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani, na akiwa kazini huchomeka pini zake kifuani kwenye blauzi. Ikafika wakati kila asubuhi anashona bila shida. Mchana kope zinamwanguka, mikono inalegea, ananipa sindano nimtungie uzi. Kaka alisema ni uvivu tu. Kumbishia kaka kunachosha kuliko kufua mablanketi.

Nikampeleka hospitali, wakampiga picha ya kifua. Mpiga picha akatoka amenuna, picha ina doa jeupe katikati.

"Mama, si nimesema utoe pini zote?"

"Nimetoa, mwanangu."

Akavuliwa blauzi, akapigwa tena. Doa jeupe likabaki palepale. Daktari wa zamu akaitupia picha jicho moja, akasema ni kovu la kifua kikuu cha zamani, twende nyumbani. Wifi hajawahi kuugua kifua kikuu! Nikimkumbuka yule bwana, mpaka leo damu inanichemka.

Miezi ikapita, wifi akaanza kupaliwa hata na maji. Hapo kaka naye akaogopa. Tukampeleka kwa daktari wa upasuaji, mwanamke asiye na maneno mengi, akamwambia atazame dari tu. Kope zikashuka zenyewe. Akaagiza kipimo kikubwa, kisha akatuonyesha: nyuma ya mfupa wa kifua, kwenye tezi ya thaimasi, palikuwa na uvimbe uliozungukwa na chokaa kama ganda la yai.

"Ni nadra kuukuta umekuwa mgumu hivi," akasema. "Ugonjwa wa tezi hii ndio unaochosha misuli yako. Tutapasua mfupa, tuutoe."

"Nitashona tena?"

"Huenda. Lakini si leo wala kesho."

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Mwishowe daktari akatoka, macho mekundu, akasema uvimbe umetoka wote na mgonjwa anapumua. Nililia hadharani.

Wifi alipopata nguvu, alianza kwa kuukagua mshono wake. "Mkono mzuri," akasema. "Ila rangi ya uzi hakuniuliza."

Karudi kwenye cherehani, lakini mchana kope bado zinashuka. Jana nilimkuta kaka amekaa kando yake, sindano imepotea katika vidole vyake vinene, jasho linamtoka. Wifi alikuwa ameinua kope moja kwa kidole, anamtazama.

"Lowesha uzi kwanza, baba," akamwambia.

Kaka akaulowesha, akajaribu tena.