Picha ya Kuliza Watu

Debe tupu haliachi kuvuma, na afisa wetu wa kampeni ya afya alivuma kweli. Alikwenda kozi ya wiki sita nje ya nchi, akarudi Mwanza na neno moja tu: hisia. Mimi nilikuwa mchoraji wake, nimetoka chuo cha Butimba juzijuzi. Tulitumwa kwenye kijiji cha ujamaa mbele ya Kiseke, ambako watoto walikuwa wanakwisha kwa kuharisha.

Nilichora picha nne. Mama anateka maji ziwani, anayachemsha mpaka yatokote, anayafunika, anamnywesha mtoto. Afisa akazitazama kama mtu aliyepewa uji usio na sukari.

"Ndugu mchoraji, hii itamliza nani? Watu wa vijijini hawaelewi mambo ya hatua kwa hatua. Waguse moyo!"

Lo! Hawaelewi hatua, watu wanaolima pamba toka mbegu hadi robota! Lakini nilifyata mkia, nikachora alichotaka: mama analia, mbele yake kitoto kimefunikwa shuka. Basi. Hakuna chungu, hakuna moto, wala neno moja. Na niliichora vizuri, mjinga mimi, nikajiona fundi.

Mkutanoni, ilipoinuliwa tu, bila maelezo yoyote, kina mama waliangua kilio. Afisa akanikonyeza, kifua mbele.

"Umeona?"

Kesho yake asubuhi kina mama walewale walikuja ofisi ya kijiji wamejitwika kuni na unga, kanga wamefunga viunoni, wanauliza msiba uko nyumba gani. Kule mtu akifiwa huendi mikono mitupu. Afisa alicheka mpaka akashika meza.

"Washamba hawa!"

Mshamba alikuwa yeye. Nilitamani kumzaba kibao.

Kina mama wengine walipoondoka wakinung'unika, mmoja alibaki, mtoto mgongoni, kichwa kimelala upande. Akanigeukia mimi.

"Mwalimu, yule mtoto wa kwenye picha aliumwa nini?"

"Kuharisha, mama. Alikunywa maji ya ziwani yasiyochemshwa."

Akamfungua mtoto mgongoni, akampakata. Macho ya mtoto yalikuwa yamedidimia.

"Huyu anaharisha tangu juzi. Leo alfajiri nimemnywesha ya ziwani, kikombe kizima, kwa mkono wangu huu. Jana si ulikuwepo? Mbona hukusema?"