Utenzi wa Anab binti Dagane

Anab alikuwa mtu wa Hadado, kwa wafugaji wa kaskazini, na kinywa chake hakikuwa cha kuchezewa. Ukame ulipomaliza ngamia wao, na mumewe Gelle akafa njiani akitafuta maji, hakulia mbele za watu. Alitunga utenzi. Akahamia Garissa kuuza maziwa, na kila alipoughani sokoni alianza kama mama zetu walivyotufunza: "Haya ni maneno ya Anab binti Dagane." Kwetu Wasomali shairi halitolewi bila kutaja mwenyewe. Afadhali mwizi wa mbuzi kuliko mwizi wa shairi.

Basi kijana mmoja wa Garissa, Khalif, akarudi kutoka Nairobi, kichwa kimejaa muziki wa soul, ule wa Wamarekani weusi, wa kuimba kama mtu anayeungua. Akafungua kampuni ya kurekodi nyuma ya duka la nguo, akaziba kuta kwa magodoro, akaiita Roho Rekodi. Alipomsikia Anab, akamwandama.

"Hooyo, mama yangu, maneno haya yakipigiwa gitaa, Garissa italia."

"Ilie. Lakini jina langu litangulie."

"Wallahi litatangulia."

Anab akaghani mle ndani kwenye joto la magodoro, jasho likimtiririka. Alipotoka, Khalif akaikata ile sauti. Soul haianzi kwa hotuba, alisema, wala haiuzwi na kikongwe. Akamfundisha Ilhan, msichana wa macho makubwa, auimbe upya. Wimbo ukaenea kwenye simu mpaka Takaba, na jina lililotajwa ni la Ilhan.

Ikaja arusi. Wanawake wamekaa duara, ngoma inalia, Anab akasimama. "Haya ni maneno ya Anab binti Dagane," akaanza. Rukiyo, mpiga ngoma, akaacha kupiga.

"Huoni haya, Anab? Huo ni wa Ilhan!"

"Ni wangu. Nilimlilia Gelle."

"Gelle alikufa kwa kiu ya maji, nawe utakufa kwa kiu ya sifa!"

Wakacheka hadi shela zikawaanguka. Khalif alikuwa mlangoni na spika zake za kukodisha. Anab akamgeukia.

"Khalif, waambie."

Khalif akamtazama Ilhan aliyekaa kwenye duara, akawatazama wateja wake.

"Huyu mama hutuletea maziwa," akasema.

Lakini kwetu mtunzi huchokozwa kwa beti, naye hujibu papo hapo. Katika arusi iliyofuata wanawake wakamchokoza Ilhan. Msichana akajifunika uso, akakimbia, na wote wakajua utenzi hakuutunga yeye. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyempelekea Khalif hata ubeti mmoja. Roho Rekodi ikafa kabla magodoro hayajazoea ukuta.

Khalif akaja sokoni, shingo upande. "Hooyo, nipe mmoja tu. Nitakutaja mwanzo na mwisho."

"Mimi ni mama wa maziwa," Anab akamjibu. "Nikupimie?"

Rukiyo na wenzake hawakuja kuomba radhi. Nani hupenda kukiri kuwa alicheka vibaya? Na wimbo haukufa pamoja na kampuni. Umo kwenye simu mpaka leo, na jina ni lile lile.

Majuzi Anab alikuwa akiosha vibuyu vya maziwa, akaghani kidogo kidogo. Mjukuu wake Sagal akainua macho kutoka kwenye simu.

"Ayeeyo, unauharibu. Ilhan haimbi hivyo."

Bibi yake akasuuza kibuyu, akakipindua kikauke.